Kupika Njugu Mawe, Kunde na Maharage Bila Kupoteza Faida ya Ganda

Unaponunua mikunde katika soko la Majengo hapa Dodoma, chagua punje zenye ganda jekundu, la kahawia au jeusi kuliko zilizo nyeupe, kwa sababu rangi hiyo hutokana na polifenoli, yaani kemikali za asili za mimea, kama tanini na antosianini, ambazo majaribio ya maabara yameonyesha kuwa huzikinga seli dhidi ya uharibifu wa oksidesheni (mmenyuko na oksijeni) na hupunguza mchochota (uvimbe na maumivu mwilini). Hiki ni chakula, si tiba. Anayetumia dawa za hospitali aendelee nazo.

Chambua, osha, kisha loweka usiku kucha. Asubuhi utakuta maji ya kunde nyekundu yamekolea kama chai ya rangi, maana sehemu ya polifenoli imetoka kwenye ganda. Hata hivyo nashauri uyamwage, kwa kuwa yamebeba pia sukari zinazojaza tumbo gesi. Maharage mekundu yapikwe kwa maji mapya yanayotokota kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, kwani yana lektini, aina ya protini inayosababisha kutapika na kuharisha isipoharibiwa na joto kali.

Njugu mawe ni ngumu, na wengi huharakisha kuiva kwake kwa magadi. Naomba sana tuiache desturi hiyo: magadi huharibu antosianini pamoja na vitamini B1, na mchuzi unaogeuka kuwa mweusi ni dalili kwamba kemikali za ganda zimebadilika. Aliye na sufuria ya presha aitumie. Asiye nayo afunike chungu vizuri na kuongeza maji ya moto kidogo kidogo, akijua kwamba kulowekwa kwa muda wa kutosha kumeshaokoa mkaa mwingi. Usikoboe punje, wala usimwage rojo la kupikia. Lifanye mchuzi wa kulia ugali wa uwele.

Tanini ina kasoro moja, nayo ni kushikamana na madini ya chuma na kupunguza ufyonzwaji wake, jambo zito hasa kwa wajawazito na watoto. Kwa hiyo chai isinywewe pamoja na mlo huu. Badala yake kamulia limau mezani, au andaa juisi ya ubuyu, ambao kwetu haukosekani, kwa kuloweka unga wake katika maji baridi yaliyo salama bila kuuchemsha, kwa kuwa moto hupunguza vitamini C inayosaidia chuma kufyonzwa.