Kulala riokani na kuoga onseni Japani, kwa mtu wa kwetu Mtwara na Lindi

Shemeji yangu wa Newala kapata kozi Japani ya wiki sita, anaondoka mwezi ujao, na tangu viza yake itoke kila jioni ananipigia kuuliza habari za zile hoteli za maji moto maana nilimwambia asithubutu kurudi bila kulala hata siku moja. Nimeona bora niandike yote mara moja, kwa sababu wapo watu wa kwetu wengi tu wanaenda kule kwa kozi, kwa shule, kwa biashara, wanakaa miezi na hawaingii, kisa aibu ya kuvua nguo. Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Nilikaa wiki tano nazunguka tu, nikaja kuingia wiki ya mwisho kabisa, hadi leo inaniuma zile wiki tano.

Tuanze na majina. Onseni ni maji moto yanayotoka ardhini, Japani ina volkano nyingi kwahiyo yapo karibu kila mkoa, na sheria yao ya mwaka 1948 inasema maji yakitoka na joto la nyuzi 25 kwenda juu, au yakiwa na madini fulani kati ya 19 yaliyotajwa, basi hayo yanaitwa onseni. Riokani ndo nyumba ya wageni ya kienyeji, unalala chini kwenye godoro wanaita futoni, na chini yake kuna tatami, mkeka mnene wa majani uliojaa chumba kizima. Yaani siku ya kwanza nilivyoingia chumbani ile harufu ya majani ikanirudisha barazani kwa bibi Mikindani, mkeka wa ukili umetoka kuanikwa juani. Na wenzetu hawakuanza jana, ipo moja mkoa wa Yamanashi inaitwa Nishiyama Onsen Keiunkan imeanza mwaka 705, karne tatu hivi kabla watu wa Kilwa Kisiwani hawajaanza kujenga ule Msikiti Mkuu.

Sasa kubuku. Bei inatajwa kwa kichwa sio kwa chumba, hapo wengi wanaingia mkenge, unaona yen 20,000 unadhani ni ya wawili kumbe ni ya mtu mmoja. Ila mara nyingi ndani yake kuna chakula cha usiku na cha asubuhi. Za kawaida zinaanzia kama 15,000 hadi 30,000, katikati ya wiki inashuka, Jumamosi inapanda, halafu kuna kodi ya kuoga, mara nyingi yen 150 kwa mtu, usishangae ukiiona kwenye risiti. Kama hela haitoshi kulala, sehemu nyingi wanaruhusu kuingia mchana kuoga tu ukaondoka, hiyo wanaita higaeri, hata yen 1,000 inaweza kutosha.

Chakula ukiseme siku ile unayobuku, sio mezani. Chakula chao cha usiku kinakuja visahani visahani na kila kimoja kimepangwa mapema, mpishi hawezi kubadilisha dakika ya mwisho. Kwa sisi Waislamu sio nguruwe tu wa kuulizia, pombe ya mchele na mirini, yaani pombe tamu ya kupikia, wanaziweka kwenye michuzi kibao, kwahiyo andika wazi kwamba huli nguruwe na hutaki pombe hata kwenye mapishi, na samaki unaweza kuomba waliopikwa kama wabichi hutaki. Mimi nilienda Beppu, mkoa wa Oita, mji ambao mvuke unatoka hadi kwenye mitaro barabarani, na msikiti upo, roho ikatulia kabisa.

Muda wanauheshimu sana. Kuingia ni kuanzia saa tisa alasiri, chakula cha usiku kwenye saa kumi na mbili, ukichelewa bila kupiga simu umewakosea. Na hapa kuna kitu kinanifurahisha: Japani wametutangulia masaa sita, kwahiyo ile namba tunayotaja sisi kwa Kiswahili ndo hiyohiyo saa yao inaonyesha. Mtwara ikiwa saa tatu asubuhi, kule saa ya ukutani imesimama kwenye tatu, alasiri. Ukitaka kupiga nyumbani wala huhitaji hesabu.

Mlangoni unavua viatu, unapewa ndala za ndani, ukifika kwenye tatami na ndala unavua. Chooni kuna ndala zake, usitoke nazo. Utakuta yukata chumbani, vazi jepesi la pamba, funga upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia, ukigeuza ndo wanavyovalishwa maiti, na muhudumu akikuona atakuja mwenyewe kukurekebisha.

Haya, kuoga kwenyewe. Bafu la wanaume na la wanawake ni tofauti, mlangoni pananing'inia pazia, hili 男 ni wanaume na hili 女 ni wanawake, zishike hizi alama mbili kichwani maana sehemu nyingine wanabadilishana mabafu kati ya usiku na asubuhi, usiende kwa mazoea. Ndani unavua vyote unaweka kwenye kikapu. Unabaki na kitaulo kidogo tu. Kabla hujagusa lile dimbwi unakaa kwenye kigoda, kuna bomba, sabuni, shampuu, ndoo ndogo, unajisugua mwili mzima na kujisuuza hadi povu liishe, kwa sababu yale maji ni ya watu wote na hayaogewi kwa sabuni, ni ya kukaa tu. Hii ndo sheria kubwa kuliko zote, ukikosea nyingine watakusamehe ila sio hii. Halafu jimwagie maji ya moto kidogo miguuni kwenda juu mwili uzoee, ingia polepole, kitaulo weka kichwani kisiguse maji, nywele ndefu au rasta funga juu. Huogelei, hupigi kelele, na simu iache chumbani.

Maji ni nyuzi 40 hadi 42 hivi. Mara ya kwanza kaa dakika tano, toka, pumzika, rudi. Mwenye presha, moyo au mjamzito amuulize daktari kwanza, na usiingie tumbo limejaa wala ukiwa umekunywa pombe. Kunywa maji kabla na baada.

Kama huwezi kabisa kukaa uchi mbele ya watu, na kwa sisi stara ni jambo la dini sio aibu tu, omba kashikiri. Ni bafu unalifunga mwenyewe au na mwenzio, nusu saa hadi saa nzima, sehemu nyingine bure nyingine unalipia. Mimi hilo ndo lililoniingiza. Nilikaa peke yangu nje, baridi usoni, moto shingoni kwenda chini, nikalia bila sababu.

Tatuu ni tatizo, sehemu nyingi wanazikataa kwa sababu kule zinahusishwa na magenge ya wahalifu wao. Mwaka 2013 mama mmoja wa Kimaori kutoka New Zealand alizuiwa kuingia huko Hokkaido kwa ajili ya alama zake za asili usoni, watu wakasikitika sana. Nasema hivi nikiwafikiria wazee wetu wa Kimakonde wenye chale, na vijana waliochora: uliza kabla, au chukua kashikiri.

Ukitoka kula umekuta futoni imeshatandikwa. Tipu hawategemei, niliyempa pakiti ya korosho alizipokea kwa mikono miwili akainama.

Asubuhi oga tena kabla ya chai, chumba unaacha saa nne. Na pete ya fedha ivue mapema, maji yenye salfa yanaifanya nyeusi, yangu ndo ilivyokuwa. Shem, dawa zako za presha weka kwenye begi la mkononi.