Somo: Anwani moja au nyingi? Arei na stringi ndani ya PowerShell

Skripti ile ile inakwenda vizuri kwa seva ya Malindi, ikifika kwa ya Chake Chake inaharibika. Kabla hujamlaumu fundi wa mtandao, angalia jibu limekuja kwa umbo gani. PowerShell, lugha ya amri ya Windows, ikipata anwani moja ya IP hukupa stringi, yaani maandishi matupu. Zikiwa mbili au zaidi, hukupa arei, yaani orodha ya vitu vinavyohesabiwa kuanzia [0].

Jaribu amri hii, inayotafuta anwani za jina la seva:

$ip = (Resolve-DnsName seva.test -Type A).IPAddress
$ip[0]

Jina likiwa na anwani mbili, utapata 10.20.1.5 nzima. Likiwa na moja, utapata 1, yaani herufi ya kwanza ya stringi. Maandishi mekundu ya kosa hutoyaona, na hapo ndipo penye hatari: ukiipa ping ya Windows (amri ya kupima kama seva inajibu) hiyo 1, itaisoma kuwa 0.0.0.1. Usitegemee .Count (idadi ya vitu) kuligundua, maana tangu toleo la 3 hata stringi hujibu 1. Ila .Length ya "10.20.1.5" ni 9, idadi ya herufi zake.

Dawa ni @( ), inayolifanya jibu liwe arei hata likiwa na anwani moja:

$ip = @(Resolve-DnsName seva.test -Type A |
  Where-Object Type -eq 'A' |
  ForEach-Object IPAddress)

Mstari wa kati huziondoa rekodi za CNAME (majina ya lakabu), ambazo hazina anwani. Kisha hakikisha $ip.Count si 0 ndipo uguse $ip[0].

Maswali

Wete: Maalim, mie nnaandika "Anwani: $ip[0]", zinatoka zote na [0] mwisho. Vipi?
Jibu: Ndani ya nukuu hufunguliwa $ip peke yake. Andika "Anwani: $($ip[0])".

Mkoani: if ($ip -ne '10.20.1.5') inapita hata anwani hiyo ikiwemo.
Jibu: Kwa arei, -ne huchuja tu: hurudisha zilizobaki, na ikibaki hata moja sharti limetimia. Tumia -notcontains.

Mwanakwerekwe: Maalim, nimefunga @( ) ndani ya funksheni, nje inatoka stringi bado.
Jibu: Arei ikitoka kwenye funksheni hufumuliwa, kipengele kimoja kimoja; kikiwa kimoja tu, unapokea stringi. Funga pale unapoiita: $x = @(TafutaAnwani seva.test). Wapo wanaoandika return ,$ip, nayo inafanya kazi, lakini koma hiyo anayekuja nyuma yako ataifuta akidhani imekosewa.