Kupita karibu na feri na meli za abiria Puget Sound: hatua kwa hatua

Nimekulia Malindi, Unguja. Utotoni tulikuwa tukiifuata boti ya abiria kwa ngalawa ili mawimbi yake yaturushe kama bembea. Hapa Puget Sound, ghuba ya jimbo la Washington, Marekani, mchezo ule ni kosa la sheria ya shirikisho, na ukifanya kwa makusudi ni jinai yenye kifungo. Kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado ziko njiani, kesi ya namna hiyo inaweza kumharibia maisha. Ndiyo maana nawaandikia ndugu zangu mnaokodi boti na kayaki Seattle kila majira ya joto.

1. Jua chombo gani kina eneo la ulinzi, yaani maji yanayokizunguka ambamo sheria inakuwekea mipaka. Ni chombo chochote chenye urefu wa zaidi ya futi 100 kinachobeba abiria wa kulipa: feri za magari, feri za miguu, meli za kitalii zinazofunga Gati 66 na Gati 91, hata zile za matembezi ya jioni. Eneo hilo halina maboya wala kamba. Linatembea na meli.

Wengi hukosea hapa. Katika baadhi ya bandari za Marekani, kama Charleston, mpaka unaanza pale meli inaposindikizwa na askari. Puget Sound upo muda wote, askari wawepo wasiwepo. Asipokuwepo askari, mwenye kauli ni nahodha wa feri.

2. Shika namba hizi tatu. Ndani ya yadi 500 (kama mita 457) unakwenda kwa mwendo mdogo kabisa unaotosha kushika njia yako. Ndani ya yadi 100 (mita 91) za meli inayotembea au iliyotia nanga, huingii bila ruhusa. Ikiwa imefungwa gatini, mpaka ni yadi 25, kama mabasi mawili ya shule yaliyofuatana.

3. Zoesha jicho kabla ya kutoka. Juu ya maji umbali unadanganya. Mimi hutumia urefu wa feri yenyewe. Zile kubwa kabisa, zinazobeba magari 202, zina futi 460, sawa na mita 140. Basi yadi 500 ni feri tatu na robo zilizopangwa mstari mmoja, na yadi 100 ni theluthi mbili ya feri. Kaa ufukweni nusu saa utazame feri ya kwenda kisiwa cha Bainbridge ikitoka, ukipima kwa macho, na siku ya safari hutahitaji kukisia.

4. Punguza mwendo mapema, kisha pita tezi, yaani nyuma ya feri. Ukiona feri inakuja, rudisha mashine chini kabla hujafika kwenye zile yadi 500, halafu elekeza omo lako (sehemu ya mbele ya chombo) nyuma yake. Usikate mbele ya omo lake hata kama unaona nafasi ipo, kwa sababu chombo kile hakisimami kama gari. Na feri nyingi za hapa zina pande mbili zinazofanana, huenda usijue omo ni lipi na tezi ni lipi kwa kuangalia umbo. Tazama maji: upande yanakochemka meupe ndiko inakotoka. Ukisikia honi moja ndefu gatini, inang'oka. Honi fupi tano maana yake nahodha ana mashaka na wewe. Acha ulichokuwa unafanya.

5. Ukilazimika kukaribia, omba kwanza. Tumia redio ya VHF, chaneli 16 au 13. Ita jina la feri, taja chombo chako, mahali ulipo na unachotaka, kwa Kiingereza kifupi. Subiri jibu. Ukimya si ruhusa.

6. Wakija askari. Boti za Walinzi wa Pwani zina mstari mwekundu wa mshazari ubavuni. Wakikukaribia weka gia huru, mikono ionekane, na ufuate wanalosema. Hawana chuki nawe. Mwaka 2000 boti ndogo yenye baruti ilisogea ubavuni mwa manowari USS Cole bandarini Aden na mabaharia 17 wakafa. Boti yako, kwa mbali, haina tofauti na ile. Manowari za Bremerton, kambi ya jeshi la majini, nazo zina yadi 500 na 100 zake, na huko sikushauri hata kuomba.

7. Mashine ikizima. Iliwahi kunitokea Elliott Bay, ghuba iliyo mbele ya Seattle, mkondo ukinisukuma kwenye njia ya feri. Nanga haikusaidia kitu, kina cha pale ni kirefu mno, kamba iliisha yote haijagusa chini. Nilipoteza dakika nzima nikivuta kamba ya kuwashia kwa aibu ya kuita. Nilipoita chaneli 16 nahodha alijibu papo hapo, akaniuliza tuko watu wangapi, na feri ikapinda taratibu kunizunguka. Ita mara tu mashine inapogoma, feri ikiwa bado mbali, kisha vuta kamba huku redio ikiwa wazi.