Mshipa wa Baipasi Ukiziba: Hatua na Njia za Tiba

Aliyefanyiwa baipasi ya moyo (upasuaji wa kupandikiza mshipa unaopitisha damu kando ya palipoziba) akianza tena kubanwa kifua anapopanda ngazi, au kuhema kwa kazi ndogo, ahesabu kwamba huenda mshipa umeziba mpaka vipimo viseme vingine. Mwenye kisukari asingoje maumivu. Kwake huweza kuja kama kuishiwa pumzi tu.

Kifua kikibana ghafla, keti, weka nitrogliserini (dawa ya kutanua mishipa) chini ya ulimi kama uliandikiwa, ngoja dakika 5. Kisipotulia, ita gari la wagonjwa. Usiendeshe mwenyewe. Aliyemeza dawa za nguvu za kiume, sildenafili ndani ya saa 24 au tadalafili ndani ya saa 48, asiiguse nitrogliserini, maana presha huporomoka.

Ukiwa umetulia, tafuta ripoti ya upasuaji wa kwanza. Inaeleza mishipa mingapi iliunganishwa, ilitolewa wapi na kila mmoja ulishonwa wapi. Bila karatasi hiyo, daktari wa angiografia (picha ya ndani ya mishipa) hupapasa na kateta, mrija mwembamba, akitafuta milango asiyoijua, huku dawa ya kuonesha mishipa ikizidi kuingia na figo zikibeba mzigo. Kama ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya kifua upande wa kushoto ilitumika, kateta huingizwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, karibu na kiganja, au kinenani. Kuifikia kutoka mkono wa kulia ni kazi ngumu.

Omba pia presha ipimwe mikono yote miwili. Wa kushoto ukiwa chini kwa zaidi ya 15 mmHg kwenye namba ya juu, huenda ateri iliyo chini ya mtulinga imebanwa. Hapo mshipa wa baipasi wenyewe ni mzima ila unanyimwa damu, na stenti (kibomba cha wavu kinachotanua mshipa) moja chini ya mtulinga inaweza kumaliza shida. Ni kipimo cha dakika chache, na husahaulika mno.

Aina ya mshipa uliopandikizwa ndiyo inayoamua mengi. Ateri ya kifua hudumu: baada ya miaka 10, zaidi ya 90 katika 100 huwa bado zinapitisha damu. Vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguuni haikuumbwa kubeba presha ya ateri, na kufikia muda huo karibu nusu huwa zimeziba au zimebanwa vibaya. Mwezi wa kwanza tatizo huwa donge la damu; hadi mwaka mmoja, ukuta wa ndani hunenepa; baada ya hapo hujengeka mafuta laini yanayomeguka kirahisi.

Kumeguka huko ndiko kunakofanya madaktari wengi wapende kuzibua ateri ya asili ya moyo badala ya vena iliyopandikizwa, pale inapowezekana. Puto dogo la kutanua mshipa likifunguliwa ndani ya vena chakavu, vipande husukumwa mbele na kuziba vijishipa vidogo: stenti imekaa sawasawa kwenye picha, lakini damu imegoma kupita. Ikibidi kuingia humo, hutangulizwa kichujio kidogo mfano wa mwavuli ili kunasa vipande, na puto halijazwi kupita kiasi. Damu ikigoma, dawa za kutanua vijishipa, adenosini au verapamili, hupitishwa kwenye kateta. Vena iliyoziba kabisa kwa muda mrefu huachwa, kwani ikizibuliwa huziba tena upesi. Ateri ya asili iliyoziba kabisa nayo inataka mkono uliozoea. Muulize daktari hufanya mara ngapi.

Baada ya stenti, klopidogreli 75 mg (dawa ya kuzuia damu kuganda) huongezwa juu ya aspirini kwa kawaida miezi 6, au 12 kama ulipata shambulio la moyo. Anayevuja damu kirahisi hupunguziwa muda. Kuikatisha mwenyewe, hata kwa sababu ya kung'oa jino, kunaweza kuzibisha stenti.

Dawa ni za kila mmoja, awe na stenti au hana: aspirini 75 hadi 100 mg, statini (dawa ya kushusha kolesteroli) ya nguvu kama atovastatini 40 hadi 80 mg, na LDL (kolesteroli mbaya) ishuke chini ya 1.4 mmol/L. Isiposhuka, huongezwa ezetimibe 10 mg, dawa nyingine ya kolesteroli. Mshipa ulioziba zamani kwa mtu asiye na maumivu, na moyo unasukuma vizuri, mara nyingi hautaki zaidi ya hapo.

Baipasi ya pili ni ya wachache: mishipa kadhaa imeziba, ateri kubwa ya mbele ya moyo haina ateri ya kifua inayofanya kazi, na stenti haiwezekani. Hatari ya kufa ni mara 2 hadi 4 ya ile ya kwanza. Moyo huwa umegandamana na mfupa wa kidari, na msumeno unaweza kukata mshipa uliokuwa mzima. Kwa hiyo CT (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka) ya kifua ifanyike kwanza kuona umbali uliopo.

Pasipobaki njia, kuna mikanda ya hewa inayofungwa miguuni na nyongani, ikikaza kila moyo unapopumzika: saa 1 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 7. Maumivu hupungua kwa wengi, ila mwenye donge la damu mguuni au vali ya aota inayovuja sana hafungwi.