Kumtafuta askari wa Seaforth Highlanders: anza na namba, jina baadaye

Rejimenti ya Seaforth Highlanders ya Uskoti ilikuwa na batalioni nyingi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila moja ilipigana kwake. Ukijua tu kwamba mtu alikuwa "Seaforth", bado hujajua kama alikuwa Ufaransa au Mesopotamia (Iraki ya leo). Kinachotafutwa ni batalioni, na ufunguo wake ni namba ya jeshi.

Shika nishani. Kwenye nishani ya mviringo, soma ukingoni. Kwenye nyota ya shaba, soma mgongoni. Utakuta namba, cheo, jina na rejimenti. Usiisugue kwa dawa ya kung'arishia, maana herufi hulika na hazirudi.

Namba yenye S/ mbele ni ya aliyejiandikisha kwa muda wa vita tu. Yenye 3/ ni ya akiba, batalioni ya 3. Tarakimu 6 ni za wanamgambo waliopewa namba mpya mapema 1917: batalioni ya 4 ilianzia 200001, ya 5 ikaanzia 240001, ya 6 ikaanzia 265001. Hapa wengi hukwama. Kabla ya 1917 kila batalioni ya wanamgambo ilijihesabia yenyewe, kwa hiyo namba fupi, tuseme 1500, ingeweza kuwa ya watu watatu au wanne wa rejimenti hiyohiyo. Tena nishani kwa kawaida huonyesha namba aliyokuwa nayo mtu alipovuka bahari mara ya kwanza, si ya mwisho.

Kama kuna picha, tazama nembo ya kofia. Seaforth walivaa kichwa cha kulungu mwenye pembe na maneno ya Kigaeli *Cuidich 'n Righ*, yaani msaidie mfalme. Batalioni ya 5, ya Sutherland na Caithness, ilivaa paka mwitu na maneno *Sans Peur*, yaani bila hofu. Ukimwona paka, batalioni umeshaipata. Sketi ya kilti peke yake haithibitishi kwamba mtu alikuwa Mskoti: vijana wengi wa Kiingereza waliivaa pia.

Sasa nenda kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew. Anza na kadi za nishani (WO 372; WO ni alama ya nyaraka za Wizara ya Vita), kisha mafaili ya askari (WO 363) na ya pensheni (WO 364). Usishangae faili likikosekana: mengi yaliteketea Septemba 1940 ghala lilipopigwa mabomu, na yaliyosalia yana kingo zilizoungua. Maafisa wako kwingine, WO 339 na WO 374. Kadi ikionyesha tarehe ya kuingia vitani, ilinganishe: batalioni ya 4 ilifika Ufaransa Novemba 1914, ya 5 na ya 6 Mei 1915.

Aliyekufa hutafutwa bure kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Jina likiwa kwenye mnara wa Basra, fikiria kwanza batalioni ya 1, iliyohamishwa kutoka Ufaransa kwenda Mesopotamia.

Ukishapata batalioni, fungua shajara yake ya vita (WO 95) na usome siku kwa siku. Kwa ya 5 na ya 6, usiikose tarehe 13 Novemba 1916, siku ya shambulio la Beaumont-Hamel, Ufaransa. Maafisa hutajwa kwa majina. Askari wa kawaida mara nyingi ni hesabu tu ya waliokufa na waliojeruhiwa.

Kwa vita vya 1939–45, jihadhari na batalioni ya 2. Ilitekwa St Valéry-en-Caux, Ufaransa, Juni 1940 pamoja na ya 4, ikaundwa upya, ikapigana El Alamein, Misri, 1942. Jina lilelile, watu wengine. Ya 6 nayo ilishuka Madagaska Mei 1942, kabla ya askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka Afrika Mashariki kufika huko.