Kulima mpunga Usangu bila kuukausha Ruaha Mkuu

Tangu miaka ya 1990 mwanzoni, Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lawama nyingi hutupiwa mvua. Mvua ina sehemu yake, lakini mzigo mkubwa uko kwenye mabanio, yaani vizuizi vinavyogeuza maji ya mto kuingia mifereji, ya bonde la Usangu lililo juu ya hifadhi, yanayoachwa wazi miezi ambayo mashambani hakuna mpunga.

Ardhioevu ya Ihefu, iliyo Usangu, hutoa maji kwenda Ruaha Mkuu kupitia mlango mmoja, juu ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Kina kikishuka chini ya mwamba huo, mto husimama, hata kama Ihefu bado ina maji. Ndiyo maana mfereji mdogo unaovuja Septemba una madhara zaidi kuliko mfereji mkubwa wa Machi.

Anzia kwenye kitalu. Vitalu vingi huoteshwa kabla ya mvua, mito ikiwa imepungua kabisa, na mfereji mzima hufunguliwa kwa ajili ya vipande vichache vya miche. Kwa kilimo shadidi, yaani kupanda miche michanga mmoja mmoja kwa nafasi pana na maji kidogo, ekari moja inahitaji mbegu kilo 3 hadi 4 na kitalu cha mita za mraba 40 hivi; hicho kinamwagiliwa kwa keni. Hamisha miche ikiwa na siku 8 hadi 12, yenye majani mawili, pamoja na udongo wake. Panda mmoja kwa shimo, sentimita 25 kwa 25, kina kisichozidi sentimita 2. Usiukandamize mche hadi mzizi ukageukia juu, utadumaa.

Jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa kingo, lisawazishwe vizuri kabla ya hapo. Ingiza maji kidogo uone: panapobaki kisiwa patajaa magugu, na kwenye shimo mche mchanga utazama. Mkulima wa jaruba lisilo sawa hulazimika kujaza maji mengi ili kufunika kisiwa kimoja, na akiba yote inapotelea hapo.

Wiki mbili baada ya kupandikiza, anza kulowesha na kukausha kwa zamu. Chukua bomba la plastiki la inchi 4, likate sentimita 30, toboa matundu pande zote kwenye sentimita 15 za chini, kisha lizike mpaka matundu yote yawe ndani ya udongo. Toa tope lililo ndani. Maji ya ndani yakitofautiana na ya nje wakati jaruba limejaa, matundu yameziba, ling'oe ulisafishe. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ingiza mengine hadi kina cha sentimita 5. Urea iwekwe kabla tu ya kuingiza maji. Magugu yatakuja kwa kasi zaidi kuliko ulivyozoea, kwa hiyo pitisha kipalizi cha kusukuma siku ya 10 baada ya kupandikiza na urudie kila baada ya siku 10 hadi mpunga ufunge nafasi.

Wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baada yake, usikaushe kabisa. Shikilia sentimita 5, la sivyo utavuna mapepe, yaani punje tupu.

Njia hii inaweza kuokoa hadi asilimia 30 ya maji. Pia inapunguza gesi ya methani, ambayo vijidudu huitengeneza kwenye tope lisilo na hewa na ambayo huongeza joto la dunia.

Lakini maji uliyookoa yakipanua shamba la jirani, mto haujapata kitu. Kata maji siku 10 hadi 14 kabla ya kuvuna, kisha funga banio. Banio la mawe, miti na nyasi halina mlango, hivyo ling'olewe sehemu ili maji yarudi mtoni. Jumuiya ya watumia maji iandike tarehe ya kufunga na itaje atakayekagua. Kabla ya tarehe hiyo, ijibu swali la maji ya nyumbani, kwa sababu kaya nyingi huchota na kunywesha mifugo kwenye mfereji huohuo. Kama hakuna kisima cha pampu ya mkono karibu, uachwe mfereji mmoja tu wenye mtiririko mdogo kwa kazi hiyo. Bila hivyo, banio litafunguliwa usiku.