Kufungasha vimiminika kwa safari ya ndege kutoka Dodoma kwenda nje ya nchi

Abiria wanaofika kwenye dawati letu la tiketi hapa Dodoma huuliza kuhusu viza, kilo za mzigo na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ni wachache wanaouliza kuhusu chupa ya losheni, au kopo la asali ya Manyoni wanalompelekea mwenyeji wao, ilhali hivyo ndivyo vinavyowachelewesha kwenye mashine ya ukaguzi na hatimaye kuishia kwenye pipa la taka. Mwongozo huu ni kwa msafiri anayeanzia Uwanja wa Ndege wa Dodoma, anayebadilisha ndege Dar es Salaam, kisha pengine Doha, Istanbul au Addis Ababa, kabla ya kufika aendako. Hoja yangu kubwa ni kwamba uamuzi kuhusu kila kimiminika hufanyika nyumbani, kabla begi kubwa halijakabidhiwa kaunta, kwa sababu begi hilo likishafungwa lebo ya kufika mwisho wa safari, huna tena mahali pa kuhamishia kitu kilichokataliwa mkononi.

Sheria yenyewe ni fupi. Kila kimiminika, jeli au kitu cha kupulizia kilichomo kwenye begi la mkononi kiwe ndani ya chombo chenye ujazo usiozidi mililita 100, na vyombo vyote vitoshee ndani ya mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha, wenye kufungika na usiozidi lita moja. Ilizaliwa baada ya polisi wa Uingereza kuzima, Agosti 2006, njama ya kulipua ndege zinazovuka Atlantiki kwa vilipuzi vya maji vilivyokusudiwa kufichwa kwenye chupa za vinywaji. Siku za mwanzo karibu vimiminika vyote vilipigwa marufuku mkononi katika safari zilizoanzia Uingereza. Miezi michache baadaye Marekani na Umoja wa Ulaya wakaweka kiwango hiki kidogo, na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likazishauri nchi wanachama zote zikifuate. Mashine za eksirei za wakati ule zilionyesha umbo na uzito wa kitu, lakini hazikuweza kutofautisha maji na kimiminika cha hatari, na ndiyo maana kikapunguzwa kiasi badala ya kutegemea macho ya mkaguzi.

Hatua ya kwanza: soma njia nzima ya tiketi

Andika kwenye karatasi kila uwanja utakaoukanyaga, ukiwemo ule utakaokaa saa mbili tu. Katika viwanja vingi vya kuunganishia safari utakaguliwa upya kabla ya kupanda ndege inayofuata, hata kama ulikaguliwa ulikotoka. Kwa hiyo usifungashe kwa kufuata desturi ya uwanja unaoanzia. Fungasha kwa kufuata uwanja mkali kuliko vyote vilivyomo kwenye karatasi yako. Hata kama umewahi kupita na chupa ya maji katika safari ya ndani, hilo si ushahidi wa lolote utakapofika kwenye ukaguzi wa safari za kimataifa Dar es Salaam, katika jengo la tatu la Uwanja wa Julius Nyerere lililoanza kutumika 2019, au mbele ya hapo.

Utasikia pia kwamba Ulaya wameshaachana na mililita 100. Ni kweli kwamba baadhi ya viwanja vimeweka skana mpya zinazokagua begi kwa picha za pande zote na kulegeza masharti, lakini mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulirudisha kiwango cha zamani kwa muda hata kwenye viwanja vyenye skana hizo, na kwa vyovyote skana ya uwanja mmoja haikusaidii kwenye uwanja mwingine usio nayo. Mimi humwambia kila mteja afungashe kana kwamba skana hizo hazipo.

Wakati huohuo angalia kama safari yako ipo kwenye tiketi moja au mbili. Aliye na tiketi moja, kutoka Dodoma hadi mwisho, kwa kawaida hukabidhi begi kubwa hapa na kulipokea aendako. Aliye na tiketi mbili tofauti hulichukua begi Dar es Salaam na kulikabidhi upya. Usumbufu huo una faida moja, kwamba anapata nafasi ya pili ya kuhamisha vitu.

Hatua ya pili: mwaga kila kitu kitandani na utenganishe

Wasafiri wengi hapa hudhani kimiminika ni maji, soda na juisi tu. Mkaguzi haangalii hivyo. Kwake, kitu chochote kinachomiminika, kinachopakika, kinachopulizwa au kinacholegea kikikandamizwa kimo ndani ya sheria: dawa ya meno, mafuta ya mgando, losheni, jeli ya nywele, shampuu, manukato, wanja wa maji, vitakasa mikono, siagi ya karanga, achari, pilipili ya kusaga, mtindi, samli na asali. "Mwanangu, asali si maji, hiyo ni chakula," alinieleza mama mmoja aliyekuwa akienda kumtembelea binti yake Uturuki, na hoja yake ilikuwa na mantiki kabisa. Ila kuwa chakula hakukiondoi kitu kwenye sheria hii, wala asali iliyoganda kwa baridi ya Julai haigeuki kuwa kitu kigumu machoni pa mkaguzi.

Vitu vikavu havimo. Sabuni ya kipande badala ya sabuni ya maji, na mafuta ya mdomo ya kijiti badala ya yale ya kikopo, vitakupunguzia mzigo mara moja. Karanga za kukaanga zinapita zilivyo, siagi ya karanga haipiti. Unga wa ubuyu na mlenda mkavu si vimiminika, lakini anayekwenda Marekani ajue kwamba tangu 2018 unga unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unaweza kuwekwa kando kwa ukaguzi wa ziada na hata kukataliwa. Kwa safari hiyo, unga wote uingie begi kubwa.

Hatua ya tatu: soma ujazo wa chombo, usikadirie kilichomo

Ugomvi mwingi kwenye foleni ya ukaguzi unaanzia hapa. Chukulia chupa ya losheni iliyoandikwa mililita 200 ambayo umeshaitumia hadi imebaki robo. Ndani yake zipo mililita 50, nusu ya kiwango kinachoruhusiwa, na bado itakataliwa, kwa sababu kinachopimwa ni ujazo wa chombo. Mkaguzi hana kipimo cha kumimina losheni yako; ana lebo na macho yake. Hamishia losheni kwenye chupa ndogo ya mililita 50 au 100, ya aina inayouzwa kwenye maduka ya vipodozi mjini, na uchague ile yenye ujazo uliochapwa au kugongwa kwenye plastiki yenyewe, kwa kuwa chupa isiyo na maandishi humwachia mkaguzi kukadiria, naye ana kila sababu ya kukadiria juu.

Jihadhari na lebo zilizoandikwa kwa gramu. Asali ni nzito kuliko maji kwa karibu mara moja na nusu, hivyo kikopo cha gramu 100 kina takribani mililita 70 na kipo ndani ya kiwango, ilhali kopo la nusu kilo lina mililita 350 hivi. Mirija mingi ya dawa ya meno nayo huandikwa kwa gramu, na ile mikubwa ya familia hukaribia au kuvuka kiwango. Usijiandae kumfanyia mkaguzi hesabu za uzito na ujazo saa kumi alfajiri; nunua mrija mdogo.

Unapohamishia vitu kwenye chupa laini, ikamue kidogo hewa itoke, kisha ufunge kifuniko ikiwa imebonyea. Hewa ya ndani ya ndege hushushwa hadi kufanana na ya mlima wenye mita 1,800 hadi 2,400 hivi, na hewa iliyofungiwa kwenye chupa hutanuka na kusukuma losheni kupitia kifuniko. Chupa iliyofungwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, huvimba zaidi kuliko iliyofungwa Dodoma, ambako tuko mita 1,100 hivi juu ya bahari tayari.

Hatua ya nne: tafuta mfuko wa zipu

Mfuko unaotakiwa ni wa plastiki inayoonyesha, wa kama sentimita 20 kwa 20, unaofungika bila kulazimishwa. Wapo wanaoogopa kuubeba kwa sababu ya katazo la mifuko ya plastiki lililoanza nchini tarehe 1 Juni 2019. Serikali ilipotoa tangazo kwa wasafiri wanaoingia nchini ilieleza kuwa mifuko ya zipu inayobebea vipodozi na vifaa vya usafi wa mwili inaruhusiwa, kwa kuwa mwenyewe anabaki nayo na haitupwi hovyo. Kilichokatazwa ni mifuko ya kubebea bidhaa. Weka mfuko wa akiba kwenye mfuko wa nje wa begi, maana zipu hizo huchanika.

Hatua ya tano: vya Singida na Dodoma viende begi kubwa

Asali, mafuta ya alizeti na mvinyo wa Dodoma havina nafasi mkononi. Kwenye begi kubwa havibanwi na kiwango cha mililita 100, bali na masharti ya shirika la ndege na ya nchi unayoingia.

Asali ifungashe hivi. Chagua kopo gumu la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, si la kioo. Usilijaze hadi ukingoni. Acha nafasi ya upana wa kidole. Futa mdomo wa kopo kwa kitambaa chenye maji ya moto hadi pasinate, kwa sababu asali iliyobaki kwenye nyuzi za kifuniko ndiyo inayozuia kisikaze. Tandika kipande cha plastiki mdomoni, zungushia kifuniko juu yake, kisha piga selotepu ukifuata upande uleule kifuniko kinapokazwa, ili mkanda usikivute kulegea. Lisimamishe katikati ya begi, likiwa limeviringishwa kwa kitenge na kuzungukwa na nguo pande zote, mbali na kingo zinazopokea mapigo ya wapakiaji.

Mafuta ya alizeti ni suala la kuuliza shirika la ndege mapema, kwani mengine hukataa madumu ya mafuta hata yakiwa yamefungwa vizuri. Mvinyo wa kawaida, wenye kilevi chini ya asilimia 24, haumo kwenye kiwango cha vitu vya hatari. Vinywaji vya asilimia 24 hadi 70 mwisho ni lita tano kwa abiria, vikiwa kwenye chupa za kiwandani zilizofungwa, na vinavyozidi asilimia 70 havipandi kabisa. Ila usimpelekee mtu mvinyo Saudi Arabia au Kuwait, ambako kuuingiza ni kosa. Umoja wa Ulaya nao huzuia abiria wanaotoka nchi kama yetu kuingia na nyama na bidhaa za maziwa, hivyo samli ya bibi ibaki nyumbani.

Hatua ya sita: dawa na chakula cha mtoto

Dawa za maji, insulini, maziwa ya mama na chakula cha mtoto mchanga huruhusiwa kuzidi mililita 100 kwa kiasi kinachohitajika safarini, na havilazimiki kuingia kwenye mfuko wa zipu. Viweke pamoja, uvitaje mwenyewe kabla ya kuulizwa, na uwe na barua ya daktari yenye jina lililo sawa na la pasipoti. Insulini isiwekwe begi kubwa kamwe, kwani huharibika ikiganda, na sehemu ya mizigo inaweza kuwa na baridi kali. Ukiibeba na vipande vya barafu, hakikisha vimeganda kabisa unapofika kwenye ukaguzi. Vikishaanza kuyeyuka, vinaweza kuhesabiwa kuwa kimiminika.

Hatua ya saba: kwenye mashine

Toa mfuko wa zipu na uuweke kwenye trei peke yake. Kunywa maji ubakize chupa tupu, ambayo inapita bila shida, ukaijaze upande wa pili. Ofisa akikataa kitu, neno lake ndilo la mwisho siku hiyo, muulize kwa adabu, "Samahani afande, naweza kurudi kaunta?" Kama begi lako bado halijapelekwa, au aliyekusindikiza bado yuko nje, unaweza kukiokoa.

Hatua ya nane: ukinunua baada ya ukaguzi

Manukato au kinywaji unachonunua kwenye duka lisilotozwa ushuru kinaweza kuzidi mililita 100, mradi muuzaji akifunge kwenye mfuko maalumu wenye alama nyekundu, na risiti ionekane ndani. Usiufungue hadi mwisho wa safari, hata kuonja au kunusa. Ukifunguliwa, chupa inahesabiwa kama nyingine yoyote kwenye ukaguzi unaofuata. Mwambie muuzaji kwamba bado unaunganisha ndege, umtajie na uwanja. Anayeingia Marekani na kuendelea na ndege ya ndani huko hupokea begi lake kubwa kwenye uwanja wa kwanza anaotua kwa ajili ya forodha. Hapo ndipo pa kuihamishia chupa hiyo ndani ya begi, kabla ya kulikabidhi tena.